Kitambaa Kilichobaki Kanga

Mama yangu alikuwa na mkono wa udi. Mimi sikujaliwa. Aliupika udi wa kuunga kwenye sufuria ndogo ya shaba: sukari ikayeyuka taratibu, vikafuata vipande vya udi, yakafuata marashi, na mwisho karafuu chache alizozitwanga mwenyewe. Aliuepua kabla sukari haijageuka rangi. Mimi nina haraka tangu tumboni. Kila nilipopewa zamu niliuacha moto ukapanda, sukari ikaungua, na kaka yangu akipita uani huziba pua.

"Nani tena anachoma maandazi humu?" huuliza.

Nilimrushia chochote kilichokuwa karibu. Leo ningetoa minazi yangu yote nipate kumrushia kifuu kimoja tu, na kimkose.

Tulikaa kisiwani Chole, siku zile boma la Mdachi lilipokuwa bado kwetu, kabla halijahamishiwa Kilindoni. Baba alikuwa amekwisha kufariki, tumebaki watatu: mama, kaka, na mimi mdogo wao. Kaka alikuwa katika chama cha vijana wa maulidi ya matari. Kwa asiyewaona nitamweleza. Vijana hupiga magoti safu moja, bega kwa bega, kanzu nyeupe na kofia, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi. Nyuma yao wapigaji wa matari. Mmoja hutoa kasida, safu nzima huitikia, na wakiitikia huinama na kuinuka pamoja, vitambaa vikipanda na kushuka, mpaka unasahau kwamba ni watu wengi. Mtoaji alikuwa kaka yangu. Ndevu hazijamwota, na sauti yake ilikuwa nyembamba, safi, ikipanda bila kujikaza. Sisi wanawake tulimsikia kutoka uani, nyuma ya pazia, na wako waliolia. Mimi sikulia. Nilikuwa nikikagua kama pindo za vitambaa nilizozishona kwa uzi mwekundu hazijafumuka. Ndivyo nilivyo. Kilio changu huja nyuma.

Sasa, liko jambo moja ambalo bila kulijua huwezi kuielewa habari hii. Chama kikialikwa mji mwingine, vijana wakifika huvua kanzu zao za maulidi na kuzitoa pamoja na vitambaa, vikapelekwa uani kwa wanawake wa nyumba ile. Wanawake huvitandaza juu ya tenga, chetezo kikawekwa chini yake, vikafukizwa udi mpaka vikalowa harufu. Ndiyo heshima ya mgeni na heshima ya maulidi. Kila mtu wa visiwa hivi anajua. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ni jambo la kuelezwa.

Mwaka huo, Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, waliitwa Kanga, mwisho wa kisiwa kikubwa, kwenye nyumba kubwa ya watu wenye mashamba ya minazi, wenye nusu damu ya Kimanga. Walikuwa na mwari wao ndani, amechumbiwa, anangoja siku. Mama na mimi tulikwenda pia, maana mama alialikwa kwa ajili ya udi wake. Sifa zake zilikuwa zimefika hadi kule. Tukavuka mpaka Utende, tukatembea na kulala njiani, na mimi nikalalamika njia nzima.

Chumba cha mwari ndicho kilichokuwa na nafasi, hivyo ndimo tenga lilimowekwa. Mama alifukiza humo, mwari mwenyewe akimsaidia kukunja. Maulidi yakasomwa, kaka akatoa kasida hadi wazee wa Kanga wakasimama. Kulipokucha tukaondoka.

Kitambaa kimoja kilibaki, kimeangukia nyuma ya kitanda. Kitambaa cha akiba, sikukihesabu nikidhani mama amekichukua, naye alidhani mimi ninacho. Mjomba wa mwari alikiona siku ya pili. Akapaza sauti, kama wajomba wanavyojua kufanya. Wanawake wakamcheka. Wakamwambia, "Mzee, hicho ni cha kufukiza, humu ndimo lilimokuwa tenga." Naye akacheka, akaona haya, akakituma kitambaa Chole kwa mtu aliyekuwa akija huku, pamoja na mkungu wa ndizi. Tukala ndizi. Jambo likaisha.

Kwetu liliisha. Lakini katika wageni wa usiku ule alikuwamo karani mmoja wa boma, kijana wa kutoka mrima, aliyesoma skuli ya Serikali. Alikuwa na kalamu, hakuwa na kazi nyingi. Kulikuwa na gazeti la Kiswahili lililopigwa chapa huko bara, na katika kila mji wa pwani kulikuwa na mtu wa kuliandikia habari: mvua imenyesha, bwana fulani amepita, simba amekula ng'ombe. Sisi hatuna simba. Karani wetu alikuwa na njaa ya habari, na alikuwa amebaki Kanga siku ya pili, akausikia ukelele wa mjomba bila kukisikia kicheko kilichofuata.

Gazeti lilifika na meli ya barua, wakati ndizi tumeshazisahau. Lilisomwa pale lilipokuwa likisomwa siku zote, barazani kwa Mhindi mwenye duka. Lilisomwa na karani mwenyewe, maana herufi zile za Kizungu wazee wetu hawakuzijua. Wao walisoma herufi za Kiarabu, usiku na mchana, lakini karatasi hii kwao ilikuwa kama nyayo za kuku. Ndani yake iliandikwa kwamba vijana wa matari wa Chole, wanaomsifu Mtume hadharani, kitambaa chao kimekutwa chumbani mwa mwari, Kanga. Kisha wakaulizwa wazee wa Chole kama wamelala.

Hakukuwa na jina la mtu. Ingekuwa heri liwepo.

Waswahili tuna msemo, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeuchukia msemo huo tangu siku ile. Wavuvi wa Bwejuu walipokuja kuuza samaki wao wakaanza kupunga shuka zao mbele ya vijana wetu: "Hiki si chako, bwana? Tumekiokota kwa bibi!" Hao walikuwa watani, na mtani hakosi. Wengine hawakuwa wakitania. Mialiko ikakatika. Watu wa upande wa mchumba wakaisogeza harusi mbele, wakasema wanataka kwanza kujua. Yule mjomba wa Kanga, aliyetutumia ndizi, akaapa kwamba yeye hakucheka hata siku moja.

Mwalimu wa chuo ndiye aliyekuwa kichwa cha chama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kukohoa, aliyewafundisha vijana wote wale tangu alifu. Siwezi kumchukia, ingawa nimejaribu. Alikuja nyumbani, akaketi kwenye baraza yetu, na mama akasema naye kutoka nyuma ya mlango.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yupo?"

"Nipo," mama akasema. "Na ninajua kilichokuleta. Kitambaa kile nilikifukiza mimi kwa mkono wangu, mwalimu. Hakuna kijana aliyekanyaga mle chumbani. Nenda kawaambie hivyo."

"Nimewaambia, bibi. Nimemwambia na karani. Nimemwomba aandike kwamba halikuwa jambo."

"Akasemaje?"

Mwalimu alikohoa kwanza. "Anasema gazeti halitoi habari kwamba jambo halikuwa. Anasema wataona tunajificha. Anasema akiweza kuandika kwamba mkosa amepatikana, na wazee wamemtoa chamani, hapo Chole itasifiwa, na neno litafungwa."

"Mkosa wa kosa gani?"

Nilimwona kupitia upenyo wa mlango, amekishika kilemba chake kwa mikono miwili kana kwamba kuna upepo.

Nimefikiri sana miaka hii juu ya mtu yule. Hakutaka kumwonea mtu. Kumchagua kijana mmoja na kumtoa kafara, hilo hakuliweza, moyo wake ulikataa. Kumwacha karani na gazeti lake wakizidi kula nyama ya chama, hilo pia hakuliweza. Hivyo akafanya ambalo watu wetu hufanya wanaposhindwa kuhukumu. Akamwachia Mungu. Akaamuru isomwe halbadiri.

Halbadiri ni dua ya kuwataja waliopigana Badri, ili mwenye kukosa ajulikane kwa lile litakalompata. Husomwa mwizi akikosekana. Ilisomwa msikitini baada ya alasiri, vijana wote wameketi safu ileile ya maulidi, udi ukifuka. Mama alikataa kutoa udi wake. Walitumia ubani wa dukani. "Mnamshitaki nani kwa Mungu?" alisema kwa sauti, tukiwa uani, majirani wote wakisikia. "Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekosa. Dua ikitoka nayo haina pa kutua, itamwangukia wa kwanza kupiga chafya!"

Siku zilizofuata zingekuwa za kuchekesha, kama zisingekuwa zetu. Vijana wa chama hawakupanda minazi. Hawakula samaki mwenye miba. Mmoja alikwaruzwa na pweza mwambani akalia kama mtoto, si kwa maumivu, bali kwa hofu ya kuonekana na alama. Kila mama alimchungulia mwanawe asubuhi kama ameamka na uso wake wa jana. Na kila mama, Mungu atusamehe, aliwachungulia pia wana wa wenziwe.

Kaka yangu hakuogopa. Alinicheka nilipomzuia asiende pwani. "Kama ni mimi, nitakuwa nimeingia chumba cha mwari nikiwa usingizini," alisema. "Na ningeamka, kwa ule udi wako." Aliendelea kutengeneza mitego, kula, kuimba uani asubuhi huku akichota maji. Tayari alikuwa na vumbi jeusi juu ya mdomo wa juu. Mimi nililiona. Mama aliliona. Kila mwanamke aliyelea mwana wa kiume anajua nini kinafuata hapo.

Ilitokea kwenye mazoezi, uwanjani mbele ya chuo, watu wamejaa kwa sababu siku hizo watu walijaa kila mahali chama kilipokuwa. Alitoa kasida. Mstari wa kwanza ukapanda vizuri. Wa pili, pale anapopanda juu kabisa, sauti ikapasuka. Ikatoka kama ya mbuzi. Akajaribu tena, ikapasuka tena, na ya chini ikatoka, nzito, ya mtu mzima, ya mtu tusiyemjua.

Matari yalinyamaza. Hakuna aliyecheka. Siku nyingine yoyote wangemcheka mpaka wagalegale, wangemwita beberu, na mama angempikia uji wa pilipili manga, na mambo yangekwisha. Lakini walikuwa wamengoja ishara siku nyingi, na mtu aliyengoja sana huichukua ya kwanza inayokuja. Nilimwona kijana aliyepiga magoti kushoto kwake akisogea. Kisha wa kulia. Safu ile iliyokuwa haipitishi hata kidole ikaachia nafasi pande zote mbili, na katikati yake kaka yangu, na kitambaa kimetulia mkononi.

Alinitazama mimi. Nilikuwa penye ukuta wa makuti, pamoja na wanawake. Akafumbua mdomo aseme neno, kisha akaufumba.

Nadhani hapo ndipo alipoelewa. Kila neno atakalosema kujitetea litatoka kwa sauti ileile iliyovunjika, na sauti hiyo ndiyo ushahidi. Tangu siku hiyo hakusema na watu wa nje. Mama alisema kwa niaba yake. Alikwenda hadi mlangoni kwa mwalimu, hadi barazani kwa Mhindi, mahali ambapo mwanamke wa heshima yake hakuwa akisimama. Aliwauliza wazee mmoja mmoja sauti zao wenyewe zilivunjika kwa dhambi gani. Wakatazama chini. Walijua. Kila mmoja wao alikumbuka sauti yake. Lakini mchumba wa Kanga alikuwa anangoja, gazeti lilikuwa linangoja, na hapa palikuwa na jibu lisilohitaji mtu kulitoa.

Akatolewa chamani. Karani akaandika. Likaja gazeti, likasomwa, Chole ikasifiwa. Jina halikutajwa, kwa kumstahi, walisema. Palikuwa na mtu Chole asiyelijua?

Aliondoka na watu waliokuwa wakienda Rufiji kukata boriti mikokoni. Mama alikuwa amekwisha kuitandaza kanzu yake juu ya tenga, chetezo kimewaka.

"Usinifukizie, mama," akasema kwa ile sauti mpya. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia vizuri. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito na tulivu, na kama wangengoja mwezi mmoja tu, ingewatolea kasida nyingine kabisa.

"Ni baridi huko baharini, mwanangu, vaa kanzu yako."

"Nitavaa. Lakini isinuke."

Akaivaa hivyohivyo. Kitambaa chake alikiacha juu ya kamba ya nguo. Mimi alinigusa kichwa, akasema nitunze moto. Nilimjibu kwa ujeuri, sikumbuki neno gani, kwa sababu nilidhani anarudi kabla ya mavuno ya mpunga.

Mwaka uliofuata kijana aliyemrithi naye sauti ilimpasuka, palepale penye mstari uleule. Safari hii hakuna aliyekuwa amesoma halbadiri. Watu wakacheka. Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawakauka, wakaanza kutazamana. Mwalimu alikuja kwetu jioni hiyo. Hakuketi barazani, aliketi chini, sakafuni penye kizingiti, na alilia na kukohoa kwa pamoja. Mama hakumfukuza. Alimletea maji.

Mwalimu alitaka karani aandike tena. Lakini karani alikuwa amehamishwa kwingine, na aliyekuja badala yake alisema habari hiyo ni ya zamani, wasomaji wameisahau. Huenda kweli wasomaji walikuwa wameisahau. Tukapeleka salamu kwa kila chombo kilichovuka: aambiwe arudi, hana kosa, hakuwa na kosa. Vyombo vilirudi na boriti. Wengine walisema hawakumwona, wengine walimwona mtu kama yeye lakini hakuitika alipoitwa.

Kila Mfungo Sita mama aliupika udi, akakitandaza kile kitambaa alichokiacha kaka juu ya tenga peke yake, akakifukiza, akakikunja. Mimi nilikuwa na hasira naye kwa jambo hilo. Nilimwambia anamaliza udi kwa mtu asiyekuwapo. Aliniambia, "Atakuja ghafla, na atakuta hakina harufu?" Boma likahama. Vita vya Wadachi na Waingereza vikaja, mizinga ikasikika kutoka upande wa Rufiji, upande aliko, na mama akafukiza. Mwaka aliokufa nililikuta tenga lake limewekwa tayari.

Niliolewa na mtu wa kununua mpunga Rufiji. Sitasema nilimpendea hilo, wala sitasema sikulifikiri. Vita vilipotulia akaanza kuvuka tena, na safari moja aliporudi alinisimulia, hali anakula, bila kujua anasema nini. Katika kijiji kimoja ndani ya mto kuna maulidi mazuri ya vijana. Mwalimu wao ana sauti nzito, lakini yeye haketi katika safu. Huketi mlangoni. "Na ana kanuni moja ya ajabu," mume wangu alisema. "Kwao kitambaa hakipelekwi uani kufukizwa. Kila kijana anakaa na chake mkononi, tangu afike mpaka aondoke."

Nilimwondolea sahani kabla hajashiba.

Sikutuma maneno. Maneno yalikwisha kutumwa miaka yote ile. Nilikitoa kitambaa, chenye pindo langu la uzi mwekundu, nikaukoka moto, nikapika udi, nikaapa safari hii sitafanya haraka. Nikakifukiza, nikakifunga ndani ya kitambaa kingine, nikampa mume wangu, nikamwambia ampe mtu yule mkononi mwake.

Alirudi baada ya mwandamo wa mwezi. Nilimngoja pwani, mimi niliyekuwa nikiwasema wake wanaongoja pwani.

"Nilimpa," akasema. "Alikitambua kabla hajakifungua. Akakiweka usoni. Akacheka, mke wangu, alicheka sana, mpaka vijana wake wakashangaa. Akasema, 'Kinanuka andazi lililoungua.'"

Nami nikacheka palepale mchangani, machozi yakinitoka.

"Kisha?" nikauliza. "Alisema anakuja?"

Mume wangu aliinama akaanza kufungua kamba ya gunia, ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa wakati ule.

"Kisha akakinusa tena," akasema. "Akasema, 'Basi mama amekufa.' Akakikunja, akakirudisha mkononi mwangu."